Kondoo wa Kuazima Kwenye Akaunti ya Mume Wangu

Mpendwa Zuurakan-eje,

Wewe mjibu barua wa gazeti letu, ambaye hapa Naryn hata mama mkwe wangu anakuita eje, dada mkubwa, ingawa anakuzidi umri, nakuomba unisaidie, tena unisaidie kabla ya Ijumaa, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana jirani yangu niliyemweleza mambo haya alicheka mpaka chai ikamtoka puani, akajifuta, akaondoka, na ushauri hakunipa.

Mume wangu anaitwa Turat, anaendesha lori Marekani na makao yake ni Chicago, alikwenda kwa ile bahati nasibu ya kadi za ukaazi kama wengi wa huku kwetu, na mwaka juzi alirudi kutafuta mke, akanikuta mimi, tukapendana kweli, eje, sikusukumwa wala sikutoroshwa na mtu, tukafunga ndoa, tukakaa pamoja wiki chache, kisha akarudi kwenye lori lake na mimi nikabaki kwa mama yake, namimina chai. Arusi yenyewe ilikuwa ya kutisha kwa ukubwa, farasi walichinjwa, mwimbaji aliletwa kutoka mji mkuu, Bishkek, mashangazi wa ukoo mzima walivishwa makoti mapya, na baba yangu aliposema kwa adabu kwamba labda sasa inatosha, Turat alimwambia mbele ya wazee asiwe na wasiwasi, yeye anaingiza dola elfu kumi kwa mwezi. Mama mkwe akawaongezea majirani kwamba ana malori matatu. Sasa hivi yamefika kumi na moja, na yanaendelea kuzaana.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la bi harusi, nasikia kila kitu, na sikuuliza neno.

Sasa naomba nikueleze kazi yangu, maana hapo ndipo penye balaa. Mimi ni afisa mikopo wa kampuni moja ndogo inayokopesha wafugaji, na kwa kuwa mfugaji hana karatasi ya mshahara, kipato chake ni kondoo, basi navaa mabuti, naingia zizini, nahesabu. Na watu wetu unawajua. Siku afisa anapokuja, mwenye kondoo ishirini anao sitini, kwa sababu arobaini wamevushwa mto kutoka kwa shemeji yake. Mwanzoni nilidanganywa sana. Sasa sidanganyiki, kwa sababu kondoo wa kuazima hajui kuigiza, anasimama pembeni na wenzake, hali majani, anatazama lango aliloingilia, na ukimpapasa mgongoni rangi ya alama yake si ya nyumba ile, au ni yenyewe lakini bado mbichi, inakushika vidoleni. Hapo mimi huwa nafunga kalamu yangu, nasema baba asante kwa chai, naondoka. Nimewanyima mkopo wazee wenye ndevu nyeupe kwa jambo hilo, na mmoja wao ni mjomba wake Turat wa damu, ambaye mpaka leo akinikuta njiani anaangalia milimani.

Ili niende nikaishi na mume wangu kwa ukaazi wa kudumu, serikali ya kule inataka Turat anidhamini, yaani athibitishe kwamba kipato chake kinafika kiwango walichokiweka cha kumlisha yeye na mimi, nisije nikawa mzigo kwa nchi ya watu. Turat akasema huo mchezo mdogo. Akanitumia karatasi zake zote kwa simu, akaniambia nenda kaprinti, weka kwenye bahasha, uende nayo siku ya mahojiano ya viza, wala usijichoshe kusoma. Eje, mimi nalipwa kwa kusoma. Lakini hata nisingesoma, nilizipeleka steshenari ya pale sokoni kwa Kubat, na Kubat husoma kila kinachopita kwenye mashine yake, yeye ndiye redio ya mji. Akaitoa taarifa ya kodi ya Turat, akaisogeza karibu na macho, akasema, "Dada, hapa wameandika kipato dola elfu kumi na moja na kitu. Hii ni ya mwezi au ya mwaka?"

Ilikuwa ya mwaka. Mwaka wenyewe umeandikwa juu kabisa kwa herufi nene, hata Kubat aliuona, sema tu alitaka kuusikia kwangu. Na nyuma yangu kwenye foleni alikuwapo mama mmoja anayetengeneza mazulia ya sufu pamoja na mama mkwe, amekunja mikono, ametega sikio.

Nikasema, "Ya mwezi."

Basi, kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imeshafika, imevua viatu na imekaribishwa ndani. Wakaja binamu kuomba kuchangiwa ada ya chuo, akaja yule mjomba niliyemnyima mkopo, safari hii hakuja kwangu, alikwenda kwa mama mkwe moja kwa moja na akapewa ahadi, na juzi mama mkwe amesimama mbele ya ukoo akatangaza kwamba farasi wa sherehe ya kutimiza miaka sabini ya kaka yake atatolewa na Turat. Chai ya ahadi zote hizo nimeimimina mimi.

Nilipopata nafasi nikajifungia chumbani nikazisoma karatasi zote tangu mwanzo. Hiyo elfu kumi na moja ya mwaka iko chini ya kiwango kinachotakiwa, eje, chini kwa mbali. Halafu nikafika kwenye taarifa ya benki. Akaunti ambayo mwaka mzima ilikuwa inahema, mafuta yanatoka, tairi linatoka, bima inatoka, ghafla katika wiki moja imeingiwa na dola elfu arobaini na tano kutoka kwa watu tisa, kila mmoja elfu tano. Nikasoma majina. Nawafahamu wote. Ni wenzake wa upatu, madereva wa kwetu wanaokutana kila mwezi kula pamoja na kuweka pesa mezani, mmoja mmoja anapokea kwa zamu, walikuja arusini na waliimba vibaya sana. Sikuwa na haja ya kupapasa mgongo wa mtu. Wale walikuwa kondoo wa kuazima, wamesimama pembeni ya akaunti, wanatazama lango.

Nikampigia. Alikuwa ameegesha mahali anakula. Nilipomuuliza habari ya taarifa ya kodi alicheka, akasema hiyo ni karatasi ya serikali tu, isinishtue, mhasibu wa madereva wetu kule ni fundi wa kushusha kipato na mwaka huu amekishusha mpaka wenzake wanamwonea wivu. Nilipomuuliza habari ya akaunti akasema zile pesa ni za kuonyesha tu, ofisa wa viza akishaziona kila mtu anachukua zake, hakuna aliyeibiwa.

Nikamwambia, "Turat, mimi nimewanyima watu mkopo kwa jambo hili hili. Nimemnyima mjomba wako."

Nikasikia magari yanapita huko kwake. Kisha akasema, "Sasa wewe ni mke wangu au ni afisa mikopo?"

Nilikata simu, na tangu siku hiyo tunaandikiana habari za hali ya hewa, kwetu theluji, kwao upepo.

Na njia nyingine ipo, ndiyo maana nazidi kuchanganyikiwa. Wifi yangu Jazgul, mdogo wake Turat, naye yuko huko huko, anaendesha basi la shule, ameajiriwa, ana karatasi za mshahara na ana uraia, na sheria inaruhusu asaini kama mdhamini wa pili. Lakini Turat miaka yote amemfanya kichekesho mbele ya wenzake, kwamba anaendesha sanduku la makelele kwa mshahara wa kununulia mbegu za alizeti. Jazgul alinipigia mwenyewe, hakuwa na hasira, alisema, "Wifi, nitasaini hata kesho. Ila baike aniombe yeye, kwa mdomo wake." Baike ni kaka mkubwa, na kaka mkubwa amesema hawezi kumpigia magoti mtoto aliyembeba mgongoni. Mama mkwe naye anasema binti akishaolewa habebeshwi nyumba ya baba yake, na watu watasema mwenye malori kumi na moja ameshikiliwa asianguke na dereva wa watoto wa chekechea.

Mahojiano ni mwezi ujao. Kazini nimeshaaga, na mkuu wangu anataka jibu Ijumaa kama kiti changu ampe mwingine. Na mimi Turat nampenda, naomba hilo uliweke akilini unaponijibu. Akipita Wyoming hunitumia ujumbe wa sauti, anasema milima ya hapa ingekuwa ya kwetu kama angekuwa na mtu pembeni wa kumwambia hivyo, halafu anapenga kamasi na anasingizia mafua. Kwa hiyo ama mume wangu ni maskini anayenidanganya mimi, ama ni tajiri anayeidanganya serikali, na sijui yupi kati ya hao wawili ni afadhali kulala naye kitanda kimoja. Niipeleke bahasha hii kama ilivyo, au nimwambie Turat asante kwa chai?

Ni mimi,
Mhesabu Kondoo, Naryn


ZUURAKAN-EJE ANAJIBU

Mhesabu Kondoo, mdogo wangu,

Nimecheka. Nilijikaza mpaka pale steshenari, hapo nikashindwa, nisamehe. Majina yote nimeyabadilisha, la mwenye steshenari pia, ingawa najua yeye atakuwa wa kwanza kujitambua na wa kwanza kulitoa kopi gazeti hili awauzie wengine.

Sasa tuongee. Unaniuliza kama mume wako ni maskini mwongo au tajiri mwongo. Hayuko kote huko. Mume wako ni dereva. Mimi nimeishi Chicago miaka minane kwa mwanangu, nikiosha vyombo kwenye mgahawa wanaokula madereva wetu, na hiyo elfu kumi kwa mwezi nimeisikia juu ya kila bakuli la tambi nililoliosha. Dereva mwenye lori lake akikwambia anaingiza elfu kumi, hajakudanganya, anaingiza. Anachosahau kukwambia ni kwamba lori ndilo linalokula kwanza: dizeli, deni la lori lenyewe, bima, breki, faini za kuegesha pabaya. Kinachobaki baada ya lori kushiba ndicho kipato, na serikali inauliza hicho kinachobaki, haiulizi kilichopita mkononi.

Halafu anakuja huyo fundi wao wa kushusha. Anakichukua kilichobaki, anakikata tena, anaandika matairi ambayo hayakununuliwa na chakula ambacho hakikuliwa. Nilimjua kijana mmoja, mwembamba ukimwona utamhurumia, ambaye kwa mujibu wa karatasi zake alikuwa amekula ng'ombe mzima kila mwezi akiwa safarini. Msimu wa kodi wanaume wetu wanashindana nani fukara zaidi na wanapongezana. Msimu wa arusi wanashindana nani tajiri zaidi na wanapigiwa makofi. Kisha mwaka wa kuwaleta wake zao unafika, mtu wa viza anasema haya, weka kipato chako hapa mezani, na wao wenyewe hawajui tena ni kipi. Nusu ya wanaume wa Chicago wanaosoma ukurasa huu sasa hivi wamegeuza simu kifudifudi.

Kwa hiyo Turat si jambazi, ondoa hofu hiyo. Ni mtu aliyejisifu kwa pande mbili, na pande zote mbili zimemgeuka kwa siku moja.

Lakini kabla sijamfikia yeye, nina neno na wewe. Wewe unayempapasa mgongo kondoo wa mzee wa watu, siku ile ulikaa nyuma ya pazia ukasikia elfu kumi, na hukuuliza hata kama ni kabla ya mafuta au baada. Usiniambie ulikuwa na haya. Barua yako nimeisoma, haya huna. Ulipenda kuisikia, na baba yako aliyetaka kuuliza mkamwacha peke yake mbele ya wazee. Na ile "ya mwezi" ya steshenari usimsingizie Turat, hakuwepo. Uliisema kwa ajili ya yule mama aliyekunja mikono nyuma yako. Kwa neno moja umemzidishia mumeo kipato mara kumi na mbili, kipaji ambacho hata yule mhasibu hana. Kwa hiyo ukimkasirikia Turat, mkasirikie kwa kiasi, kwa sababu mko wawili.

Haya, bahasha. Haiendi. Kama ilivyo, haiendi hata mlangoni.

Sikiliza nikwambie kwa nini. Siku ya mahojiano hasimami Turat pale dirishani, unasimama wewe. Ofisa atazikuta hizo elfu tano tisa zimeingia kwa mkupuo, kwa sababu anaziona za namna hiyo kila wiki, na atakuuliza wewe: hizi ni za nani? Ukisema ni za mume wangu, umesema uongo kwa kiapo, na uongo wa dirisha lile si wa steshenari, unaweza kukufungia mlango maisha yako yote, hata Turat akija kuwa na malori kumi na moja ya kweli. Kipato kidogo kinatafutiwa dawa. Uongo uliotiwa saini hauna dawa. Ukienda na karatasi pungufu lakini za kweli, watakwambia kalete mdhamini mwingine, na watakusubiri ulete karatasi zake. Kwa hiyo wale vijana tisa wachukue pesa zao wiki hii hii. Tena ninavyowajua, mmoja wao ataharibikiwa na giaboksi kabla ya mahojiano na atazidai akiwa barabarani.

Turat ana kazi mbili za kufanya, na zote zitamuuma. Aumie tu, ameoa. Ya kwanza, amwache huyo fundi, atafute mhasibu mwingine asiye na umaarufu, azirekebishe hizo taarifa za kodi, matairi hewa yatoke, na kodi itakayodaiwa ailipe. Huenda hapo hapo kipato chake kikafika kiwango, huenda kisifike. Kisipofika, kuna kampuni za malori zinazoajiri madereva kwa mshahara, kila wiki wanakupa karatasi yenye tarakimu ambazo hakuna wa kuzibishia. Wanaume wazima wameacha lori lao wakaenda kuajiriwa mpaka mke alipofika, na hakuna aliyeota pembe. Wenzake wa upatu watamcheka mwezi mmoja. Wewe umekuwa ukicheka na kulia peke yako zaidi ya mwaka.

Lakini njia iliyo wazi leo ni ya Jazgul, na hiyo nataka nyote muielewe, kwa sababu naona hata wewe unaiandika kama vile anaombwa kuwashikia mfuko. Mdhamini hasaini kumfurahisha kaka. Anaiahidi serikali kwamba ukikosa chakula yeye atakulisha, na ahadi hiyo inaendelea kumfunga miaka na miaka, mpaka upate uraia au uwe umefanya kazi kule kwa muda mrefu. Wewe na Turat mkiachana, bado iko shingoni mwake. Kwa dhamana nzito namna hiyo kampuni yako ingetaka zizi zima na nyumba juu yake. Yeye ametaka sentensi moja. Amwombe, na aombe vizuri, asianze na utani wa basi, asimwambie nilikubeba mgongoni. Aseme: dada yangu, nakuhitaji. Ikimshinda kusema maneno hayo kwa mdogo wake, basi ujue yatamshinda kukwambia wewe pia, na ni bora ulijue hilo ukiwa Naryn.

Mama mkwe usimsahihishe mbele ya watu. Mkae jikoni wawili tu, umwekee karatasi mbele, umwambie farasi aliyemwahidi hayupo. Atakasirika, atajifunga kitambaa kichwani, atalala akiangalia ukuta. Halafu ataamka atoe kondoo wake wawili kwa ajili ya kaka yake, na hakuna atakayekufa. Usimchukie. Mama ambaye mwanawe yuko mbali anahesabu malori kwa sababu mtoto mwenyewe hayupo wa kumhesabu. Na yule mama wa mazulia umwambie kwamba ilikuwa ya mwaka. Umwambie yeye tu, inatosha, mji mzima utakuwa umeambiwa.

Turat alikuuliza kama wewe ni mke wake au afisa mikopo, na umelibeba swali hilo kama tusi. Mimi sikulisikia hivyo. Mimi nimesikia mwanaume aliyeoa mwanamke anayewatambua kondoo wa kuazima kwa kuwatazama tu, na tangu siku ya arusi anaogopa siku atakapotazamwa yeye. Ndiyo maana akakwambia usisome. Mjibu kwamba wewe ni wote wawili, hukuolewa nusu, na kwamba aliyemwokoa mkewe asifungiwe mlango ni huyo afisa mikopo, kwa hiyo amshukuru.

Kiti chako kazini usikiachie Ijumaa. Mwambie mkuu wako karatasi zimechelewa, ni kweli zimechelewa, na uendelee kuvaa mabuti. Anayesubiri viza akiwa na mshahara wake anasubiri vizuri zaidi kuliko anayesubiri akimimina chai.

Na jambo la mwisho. Serikali ya watu imemuuliza Turat atakulisha nini, swali ambalo nyumba yako na nyumba yake zilipaswa kuliuliza kabla ya farasi wa kwanza kuchinjwa, na mimi siilaumu kwa kuliuliza. Lakini hakuna karatasi hata moja katika hiyo bahasha inayouliza wewe unakwenda na nini. Turat anafikiri anamdhamini mgeni wa kulishwa, ndiyo maana anahaha kuazima. Mwambie hujaomba kulishwa. Mwambie umefanya kazi tangu umalize shule, unajua kuhesabu, na kule kuna mamia ya madereva wa kwetu ambao hawajawahi kuhesabiwa vizuri na mtu yeyote. Halafu muulize tarakimu moja tu: lori likishashiba, mwezi huu kimebaki kiasi gani? Akikutajia, hata kama ni kidogo, hata kama anaitaja kwa sauti ya chini, huyo ni mume, mfuate. Akikuzungusha tena na yale yanayoingia, mrudishie bahasha yake na ubaki na wafugaji wako, ambao angalau wanaazima kitu chenye miguu.

Gazeti hili linatoka jioni. Kwake ni asubuhi na bado hajawasha lori. Mpigie sasa hivi.

Zuurakan-eje